Mbona hajaiva? Kisa cha perege wa Ziwa Magadi

"Mwalimu, kama samaki ni wa damu baridi, huyu mbona hajaiva?"

Swali hilo liliulizwa na msichana wa kidato cha tatu, amechuchumaa kando ya chemchemi ya maji moto pembezoni mwa Ziwa Magadi, mkono mmoja umekunja sketi isilowe, wa pili ameuchomoa majini sasa hivi kwa ukelele. Sote tulikuwa tunaupima mkondo ule kwa mikono. Kipimajoto kilibaki juu ya meza ya maabara, na aliyekisahau ni mimi. Karibu na jicho la chemchemi mkono haukai. Hatua nne kushuka chini unakaa, lakini huku unahesabu. Na hapo unapohesabu ndipo samaki walipo: wadogo, urefu wa kidole, wamejazana kwenye maji yasiyofika magotini, wanadonoa mawe bila wasiwasi wowote.

Nilimjibu, "Wamezoea." Lilikuwa jibu la mtu aliyetaka basi liondoke kabla jua halijawa kali. Mtu hazoei kuchemshwa, na samaki vilevile. Swali lake lilistahili kuchambuliwa kipande kwa kipande, nami nalichambua hapa kwa kuchelewa.

Tuanze na mahali penyewe. Wengi wetu tunaijua magadi kutoka jikoni: vile vipande vya rangi ya kijivu vinavyouzwa sokoni kwa mafungu, vya kulainisha maharage na githeri. Wanusa ugoro nao wana matumizi yao. Ziwa na bidhaa vina jina moja, na ukifika unaona kwa nini. Liko chini kabisa kwenye Bonde la Ufa, zaidi ya kilomita 100 kusini-magharibi mwa Nairobi, kwenye mwinuko wa kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari. Hakuna mto unaotoka humo. Maji yanaingia, jua linayanywa, chumvi zinabaki. Sehemu kubwa ya "ziwa" ni ganda gumu la magadi ambalo unaweza kulitembelea kwa viatu, na kiwanda kimekuwa kikilichimba tangu miaka ya 1910, soda yake ikienda kutengeneza vioo.

Maji ya kudumu ni haba, na karibu yote yanatoka kwenye chemchemi zilizozunguka ukingo. Ardhi ya huko chini bado ina moto, kwa hiyo chemchemi nyingine hutoka na nyuzi 80 na zaidi. Humo hakuna samaki, usitafute. Nyingine ni za uvuguvugu, nyingine ni za moto wa kuoga kwa ujasiri. Zote ni kali kwa magadi, pH yake kama 10, na ukisugua vidole vinateleza kama umeshika sabuni.

Samaki gani basi akachagua kuishi humo? Hakuchagua. Yapata miaka 10,000 iliyopita palikuwa na ziwa kubwa zaidi, lenye maji yasiyo makali kama haya, lililoziunganisha Magadi na Natron ya upande wa Tanzania. Mifupa ya samaki wake bado imo kwenye matabaka ya udongo wa kando ya ziwa. Hali ya hewa ikakauka, ziwa likanywea, na perege waliokuwemo wakarudi nyuma pamoja na maji mpaka wakajikuta kwenye vidimbwi vya chemchemi. Wa Magadi leo wataalamu wanamwita Alcolapia grahami. Natron ina ndugu zake watatu. Kwa hiyo tunayemtazama si shujaa aliyeufuata moto. Ni mpangaji ambaye nyumba ilipunguzwa vyumba mpaka kikabaki jiko.

Ushahidi mzuri wa hilo uko Nakuru. Katika miaka ya 1950 na ya 1960 perege hawa walipelekwa Ziwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Ziwa lile lina magadi pia, lakini liko juu, na maji yake hayana moto wa namna hii. Samaki walizaana sana, na ndege aina ya mwari, waliokuwa hawana sababu ya kukaa pale, wakaja kwa makundi kuwala. Mnyama anayehitaji nyuzi 40 ili aishi asingefanikiwa Nakuru. Perege wa Magadi anauvumilia moto, hauhitaji, na uchambuzi wote unaofuata unasimama juu ya tofauti hiyo.

Sasa hilo neno letu, "damu baridi". Limetuharibia mengi darasani. Msichana wangu alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa, kwa sababu damu ya samaki aliyekuwa akimtazama ilikuwa na joto kuliko yake mwenyewe. Mwili wake msichana ulikuwa kwenye nyuzi 37. Samaki alikuwa kwenye nyuzi za maji yaliyomzunguka, na maji hayo mkono ulikuwa unayahesabia. Ukimpima perege huyu kwa macho ya daktari wa binadamu utamwandikia homa kali na kumlaza.

Tofauti halisi iko kwenye chanzo cha joto. Sisi na ndege tunalitengeneza wenyewe kwa kuchoma chakula, mchana na usiku, hata tukiwa tumelala. Ndiyo maana tunakula sana. Mjusi, nyoka, chura na samaki wengi hawana tanuri hiyo. Joto lao linatoka nje, na hawatumii chakula kujipasha, kwa hiyo mjusi anaishi kwa kiasi cha chakula ambacho panya wa uzito uleule angekufa nacho njaa.

Lakini kutokuwa na tanuri si kutokuwa na utaratibu. Mtazame mjusi kafiri ukutani. Asubuhi analala ubavu kwa jua, amejitandaza kama nguo iliyoanikwa. Saa nne ameshapata joto lake, anakimbizana na wenzake. Saa saba humwoni. Yuko kwenye ufa, au ameinua tumbo lisiguse bati. Mamba kwenye kingo za mto hufungua kinywa wazi ili unyevu wa ndani ukauke na kichwa kipoe. Chatu jike wa kusini mwa Afrika hugeuka mweusi msimu wa kuzaa, akaota jua mpaka anakaribia nyuzi 40, kisha akarudi shimoni kuyazingira mayai yake kwa joto aliloliteka nje. Wote hawa wanadhibiti joto la mwili. Vifaa vyao ni mahali, mkao na saa.

Samaki amenyimwa karibu vifaa vyote hivyo. Maji hupitisha joto kama mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo jua la mgongoni halimfaidi kitu. Linachukuliwa na maji kabla halijafika nyamani. Kujitandaza au kujikunja hakumsaidii. Hatoi jasho. Kibaya zaidi, anapumua kwa matamvua, na matamvua ni ngozi nyembamba mno ambayo damu yote ya mwili hupita kandokando ya maji. Oksijeni inaingia hapo, na joto nalo linapita mlango huohuo. Hata kama samaki angejipasha ndani, angelipoteza joto lote kila damu ikipita matamvuani. Jodari wa baharini kwetu amepata ujanja: mishipa yake imepangwa ili damu moto inayotoka kwenye misuli ipashe damu baridi inayoingia, na misuli yake ikabaki na joto kuliko bahari. Lakini jodari ni mnyama mkubwa, mwenda mbio. Perege wa gramu chache hana nafasi ya mitambo hiyo, na shida yake ni ya upande wa pili: moto wa nje unaoingia.

Kwa hiyo amebakiwa na kifaa kimoja, mahali. Anaweza kuogelea kwenda kule au kurudi huku. Basi.

Turudi pale mkondoni, maana hicho kifaa kimoja kimeandika alama ambayo mtu anaweza kuigusa. Kijana wa Kimaasai aliyetuongoza ndiye aliyetuonyesha. Sisi tulikuwa tunatazama samaki. Yeye alikuwa anatazama mawe. "Mwalimu, angalia rangi," alisema. Mawe ya upande wa chini, walipo samaki, yalikuwa yamepanguswa, meupe kama mawe ya kuchotea maji. Mawe ya juu yake, kuelekea kwenye jicho, yalikuwa yamevaa utando wa kijani kibichi, mnene, laini kama zulia. Na mpaka kati ya rangi hizo mbili haukuwa wa kufifia pole pole. Kwenye jiwe moja niliweza kuweka kucha ya kidole gumba: huku uchi, huku zulia.

Utando ule ndio chakula cha perege. Ni vijidudu vya kijani-buluu, sianobakteria, vinavyostahimili moto kuliko samaki yeyote. Watafiti walioufuatilia mpaka kama huu Magadi katika miaka ya 1960 waliukuta kwenye kama nyuzi 41. Chini ya hapo samaki wanalisha mpaka jiwe linang'aa. Juu ya hapo chakula kinajiotea bila mlaji. Ni kama malisho wakati wa kiangazi: nyasi za karibu na boma huisha kwanza, na ng'ombe hufika mpaka pale ambapo kuendelea ni kufa kiu. Ukitaka kujua ng'ombe walifika wapi huhitaji kuwaona. Tazama nyasi.

Hapa ndipo jibu la msichana lilipokuwa limelala. Hajaiva kwa sababu anajua pa kuishia. Ngozi na ubongo wa samaki vina vihisi joto, na hisia hiyo inaamuru mkia. Ule mstari juu ya jiwe ni maamuzi ya samaki mamia, kila mmoja kwa nafsi yake, wote wakigeuka karibu kwenye nyuzi zilezile.

Kijana alitaka kutuonyesha zaidi. Alimega kipande cha chapati kutoka kwenye kifungua kinywa chetu, akakibana chini ya kijiwe kwenye upande wa kijani, shubiri moja hivi juu ya mpaka. Harufu na makombo vikashuka na mkondo. Perege wakaja kundi zima, wakafika kwenye mstari, wakasimama. Walipanga safu kama abiria kwenye geti ambalo halijafunguliwa, pua zote zimeelekea kwenye chapati. Baada ya muda mmoja alichomoka, akadonoa, akageuka na kurudi. Sidhani ilifika sekunde mbili. Akafuata mwingine. Hakuna aliyebaki upande ule.

Darasa lilishangilia kila mmoja aliporudi. Mimi nilikuwa nafikiria ukubwa wao. Samaki wa kilo mbili akiingia kwenye maji moto, kiini cha mwili wake huchukua muda kabla ya kupata habari. Wa gramu chache hana akiba hiyo. Joto linafika katikati yake upesi sana. Lakini upesi si papo hapo, na katika mwanya huo mdogo ndimo alimopitia, akala, akatoka kabla moto haujaingia ndani. Ni kile tunachofanya tukigeuza chapati kwenye kikaango kwa vidole.

Swali linalofuata ni kwa nini mpaka uwe pale, wala usiwe nyuzi tano chini yake, mahali pa raha zaidi. Kuna majibu mawili na yote ni ya mfukoni. La kwanza tumeshaliona: chakula cha upande wa baridi kimeshaliwa, kwa hiyo anayetaka kushiba husogea ukingoni. La pili linahusu gharama, na ni chungu zaidi.

Mwili wa mnyama asiyejipasha huenda kasi kadiri joto linavyopanda. Kwa wengi, kila nyuzi 10 zikiongezeka, kazi ya ndani ya mwili huongezeka mara 2 hadi 3. Mjusi wa asubuhi ni mzito, wa mchana ni mshale, na sababu ni hiyo. Sasa mweke perege kwenye nyuzi 40. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima matumizi yake ya oksijeni na kukuta yanalingana na ya mnyama mdogo anyonyeshaye wa uzito kama wake. Yaani ile faida yote ya kutokuwa na tanuri, ya kula kidogo na kukaa kimya, ameipoteza. Amewekwa juu ya jiko la mtu mwingine na analetewa bili ya stima ambayo hakuiomba. Inabidi ale, ale tena, na chakula kiko mpakani penye moto. Moto unamfanya ahitaji chakula, na chakula kinamrudisha kwenye moto. Mduara huo nilikuwa siujui nilipotoa lile jibu langu la kuzoea.

Oksijeni ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo: maji yasiyo na chumvi hubeba kama miligramu 9 kwa lita kwenye nyuzi 20, na kama 6.4 tu kwenye nyuzi 40; chumvi hupunguza tena. Mchana ule utando wa kijani unaokoa hali, kwa kuwa unatoa oksijeni jua likiwaka. Usiku unageuka kuwa mvutaji mwenzake, na kwenye vidimbwi vingine oksijeni hukaribia kwisha. Perege huinua kinywa juu, akagugumia hewa, na kibofu chake cha hewa, ambacho kwa samaki wengi ni cha kuelea tu, kikafanya kazi ya pafu.

Na magadi yenyewe? Nitapita haraka, kwa sababu ni kisa kingine, ingawa ndicho kilichompa umaarufu. Samaki wengi hutoa uchafu wa protini kama amonia kupitia matamvua. Kwenye maji ya pH 10 amonia haitoki vizuri, inarundikana, inaua. Mwaka 1989 watafiti walionyesha kwamba perege wa Magadi hutoa uchafu huo wote kama urea, namna ya binadamu na mkojo wake. Kutengeneza urea kunahitaji nishati. Ni mstari mwingine kwenye ile bili.

Watafiti wale wa 2016 walitafuta pia mwisho wake. Njia ni ya kawaida: maji yanapashwa polepole mpaka samaki ashindwe kujisimamisha wima, kisha anarudishwa haraka kwenye maji salama. Perege wa chemchemi za moto alifika nyuzi 45.6, na hakuna samaki aliyekuwa amewahi kupimwa akafika hapo. Linganisha na anapoishi: kwenye chemchemi zile maji yanafika hadi 43. Kati ya maisha yake ya kila siku na kuanguka ubavu pana nyuzi chache tu, pengine tatu, pengine chini ya hapo. Mjusi ukutani akikosea ana kivuli na saa nzima ya kujisahihisha. Perege ana shubiri moja ya maji.

Ndiyo maana nasema kudhibiti joto kwake ni kazi ngumu kuliko yetu, hata kama vitabu vinaweka alama ya "anadhibiti" kwetu sisi peke yetu. Jasho langu linatoka nikiwa nimelala, bila kuniuliza. Yeye lazima awe macho. Mkondo ukibadilika kidogo, upepo ukisukuma maji, jua likizidi, mpaka wake umehama, na hakuna alama yoyote majini inayomwambia zaidi ya ngozi yake.

Tulilala Magadi mjini siku ile. Kulipopambazuka nikarudi kwenye chemchemi na wanafunzi wanne wenye hamu, pamoja na yule msichana na kijana wetu. Hewa ilikuwa imepoa, na maji ya chini ya mkondo nayo. Mkono wangu ulikaa mahali ambapo jana ulinishinda. Perege walikuwa wamesogea juu, wengine kabisa ndani ya eneo la zulia la kijani, wanadonoa kwa pupa, na wengine juu ya uso wa maji wakigugumia hewa kama watu wanaopuliza chai.

Kijiwe kilikuwa bado pale. Chapati haikuwepo.

"Wamekula usiku," alisema kijana.

Nikamwambia huenda maji yaliisomba. Chapati haikai usiku kucha kwenye magadi bila kumomonyoka, kila anayechemsha maharage anajua. Msichana aliinama, akakiinua kile kijiwe na kukigeuza. Utando wa kijani uliokuwa umekizunguka jana ulikuwa umedonolewa upande mmoja, vidoa vyeupe vidogo vidogo, vya ukubwa wa mdomo wa samaki.

"Hii nayo ilisombwa, mwalimu?"